Siku Mwantumu Alipoachwa Maegeshoni

Basi likijaa wasindikizaji, msafiri hubaki. Mliisikia methali hii jana kwenye kikao cha harusi, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni vizuri. Mwanzo wake ni huu.

Mwantumu wa Muheza alipata nafasi ya kwenda kusomea ukunga ng'ambo. Aliambiwa asipofika kabla ya masomo kufunguliwa, nafasi atapewa mwingine, na ndege ya siku ile ndiyo ya mwisho kumfikisha kwa wakati. Ukoo ukasema mtoto haendi peke yake kama mkiwa. Wakajaa magari matatu.

Sasa uwanja ule wa ndege una utaratibu wake. Magari huegeshwa mbali kabisa, kisha basi dogo huwachukua watu kuwafikisha kwenye jengo la abiria. Basi lilipokuja, Mwantumu, binti aliyelelewa akaleleka, akasimama kando ya mlango. Angepandaje mbele ya wakubwa? Akampisha Shangazi Saumu, aliyembebea mkoba wenye pasi na simu, maana kwao msafiri habebi kitu. Akampisha Mjomba Mhina na goti lake bovu. Akawapisha mawifi, watoto, hata sanduku lake mwenyewe. Dereva akauliza kama wote wamo. Sauti kumi zikajibu wamo, mlango ukafungwa.

Mwantumu akabaki kati ya magari, mikono mitupu. Kwanza alidhani wanamtania. Halafu akadhani basi linageuza. Lilipopotea kabisa, akaanza kujiuliza kama safari ilikuwa yake kweli au yao. Alisimama hivyo mpaka basi la pili likaja, akapanda, asijue akifika atamwambia nani nini.

Kule jengoni nako kulikuwa na vurugu. Basini, waliokaa mbele walijua yuko nyuma, wa nyuma walijua yuko mbele. Walipoteremka wakamkosa, wakakimbilia basi linalorudi kumfuata. Mabasi yakapishana njiani. Shangazi Saumu alimwona mtoto dirishani, akampungia mkono kwa furaha, kisha ndipo akajishika kichwa.

Jengoni Mwantumu alimkuta Mjomba Mhina peke yake, ameketi juu ya sanduku. Goti lilikataa kurudi, kwa hiyo mkoba aliachiwa yeye.

"Wako wapi wote, mjomba?"

"Wamekwenda kukutafuta."

Mwantumu akatazama mlango wa abiria, akatazama barabara. Watu wa mwisho walikuwa wanaingia. "Niwasubiri? Sijaagana na shangazi."

"Hebu niambie, mwanangu. Mwenye safari ni wewe au shangazi yako?"

Tangu alfajiri hakuna aliyemuuliza chochote.

"Mimi."

"Haya, pita. Leo mkubwa nimekupisha."

Mwantumu akambusu mkono, akachukua mkoba wake, akaburuta sanduku mwenyewe, akaingia.

Ukoo uliporudi, jasho likiwatiririka, mlango ulikuwa umekwisha kufungwa. Shangazi Saumu akakaa chini, akalia kwamba mtoto wa watu kaondoka bila kusindikizwa.

"Tulimsindikiza sana, shemeji," Mjomba Mhina akamjibu, akilikanda goti lake, "mpaka yeye mwenyewe tukamsahau. Basi likijaa wasindikizaji, msafiri hubaki."