Zamu ya Maji na Cheti cha Elieta

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana simu zilikuwa zimeshafika, palikuwa na dada wawili katika milima ya Upare. Mkubwa aliitwa Namkunda, mdogo aliitwa Elieta. Namkunda alilima tangawizi kwenye kishamba alichoonyeshwa na baba yao alime kama chake. Elieta alisoma.

Siku moja baba alikiuza kile kishamba. Kwa nini? Elieta alitaka kwenda chuo cha mjini kujifunza kutengeneza programu za kompyuta. Miaka miwili ya chuo, kishamba kimoja. Namkunda alitaka kusema neno. Akanyamaza.

Elieta akarudi na cheti na kompyuta. Kazi hakupata. Alishinda mezani akibonyeza, na Namkunda, ambaye sasa alilima kibarua katika mashamba ya watu, ndiye aliyempelekea chai.

“Karibu chai, mheshimiwa. Kishamba changu hakijambo humo ndani?”

“Dada, na wewe!”

“Nauliza tu. Tangawizi zimeota?”

Basi, kijijini hapo maji ya kumwagilia hukusanywa katika bwawa liitwalo ndiva, na kila nyumba ina zamu yake. Mwaka huo mgawa maji alikuwa amezeeka. Alichanganya zamu, watu wakaanza kushikana mashati. Mwenyekiti wa ndiva, Mzee Mbonea, akatangaza: “Atakayezinyoosha zamu hizi, tutampa kishamba cha chini ya ndiva, alime yeye na wanawe.”

Kishamba cha chini ya ndiva! Hakikauki hata kiangazi. Namkunda alikitamani mpaka akakosa hamu ya kula.

Lakini aliyesimama ni Elieta. Akatengeneza programu: zamu yako ikifika, simu inakuarifu. Usipofungua maji, unarudishwa mwisho wa foleni. Watu wakapiga makofi. Namkunda hakupiga, kwa sababu aliliona papo hapo kosa ambalo wengine hawakulifikiria. Kwao, nyumba ikifiwa, hakuna anayegusa jembe mpaka matanga yaanuliwe. Jirani huichukua zamu ile, kisha wafiwa hurudishiwa maji kabla ya watu wote. Elieta alikulia shule za bweni, hakulijua hilo. Namkunda alilijua. Moyo ukamwambia, sema. Wivu ukamwambia, mwache aumbuke. Akanyamaza.

Kwanza likaja tatizo jingine. Wengi walikuwa na simu za kitochi, zile ndogo zisizo na intaneti, na taarifa hazikuwafikia. Elieta alihangaika wiki nzima. Ndipo akaja Senzota, fundi simu wa njia panda, aliyejifunza programu kwa kutazama video za bure. Akakaa, akachokoa, na jioni hiyohiyo kila kitochi kikalia.

“Umesomea chuo gani, kijana?” Mzee Mbonea aliuliza.

“Chuo cha bando, mzee. Ada yake vocha.”

Watu wakacheka. Namkunda akacheka kuliko wote. Elieta aliinamisha uso.

Mwezi uliofuata Naetwe akafiwa na mume. Huyu Naetwe alikuwa shoga yake Namkunda tangu utotoni. Zamu ilimfika akiwa matangani, ikampita, programu ikampeleka mwisho. Namkunda alikwenda kumpa pole, wakalia pamoja. Kuhusu maji, akanyamaza.

Matanga yalipoanuliwa, Naetwe alikuta tangawizi zimekuwa manjano, na simu inamwambia zamu yake bado siku ishirini. Akachukua jembe, akaenda ndivani kuvunja mlango wa maji. Shemeji zake wakamfuata. Waliokuwa kwenye zamu, wakiamini simu zao, wakainua majembe yao. Damu ilikuwa karibu kumwagika.

“Acheni!” Namkunda alipiga kelele, akija mbio kutoka shamba alilokuwa akilima kibarua. “Naetwe ana haki yake! Programu haijui kufiwa!”

Akawaeleza jinsi zamu ilivyompita Naetwe akiwa matangani. Majembe yakashuka, Naetwe akafunguliwa maji. Elieta, aliyekuja kwa kelele zile, akaketi pale pale ukingoni, kompyuta mapajani, akaiingiza desturi ile ndani ya programu. Alipomaliza akainua macho.

“Dada, ulijua?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ya makofi.”

Haukupita mwezi, zamu zikanyooka. Kamati ya ndiva ikakaa kutoa kishamba.

Elieta akasema, “Bila miaka yangu miwili chuoni, pasingekuwa na programu ya kurekebisha. Nipeni mimi, ili kishamba kilichouzwa kisiwe kimepotea bure.”

Senzota akasema, “Taarifa isiyomfikia mkulima ina faida gani? Mimi niliifikisha. Tena kujifunza kwangu hakukuuza shamba la mtu.”

Namkunda akasema, “Walichokosa hawa wawili nilikuwa nacho mimi. Nisingesema, leo tungekuwa tunazika. Na hapa asiye na shamba ni mimi!”

“Ulikuwa nacho, shoga yangu,” Naetwe alisema taratibu. “Ukakaa nacho mpaka nusu ya tangawizi zangu zikafa.”

Namkunda akageuka kuutazama mlango wa maji.

Mzee Mbonea akavua kofia, akaivaa tena. Kishamba ni kimoja, na ni kidogo, hakigawanyiki.

Nanyi mnaonisikiliza, msinijibu harakaharaka. Yupo aliyesomeshwa kwa shamba la dada yake, yupo aliyejifunza bila ada, na yupo aliyejua akachelewa kusema. Je, kishamba cha chini ya ndiva apewe nani?