Kindi, Kiboko na Mahindi Yenye Ukungu

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na njaa!
Na baada ya njaa?
Mahindi!
Mkala?
Tukala!

Haya, kaeni vizuri niwaambie waliyokula wenzenu. Na wewe Kavinya, acha kutafuna, nyanya yako anazungumza.

Hapo kale wanyama wote walilima shamba moja kando ya mto. Walilima pamoja, walipalilia pamoja, walivuna pamoja. Lakini walikuwa na desturi moja ya kipuuzi, na za kipuuzi ndizo zinazodumu: hakuna kupukuchua wala kuanika mpaka mkubwa achague fungu lake. Mkubwa alikuwa Kiboko. Kwa nini yeye? Kwa sababu tumbo lake lilitangulia kufika kila mahali.

Mwaka huo mahindi yalikubali. Wakavuna, wakarundika chini kwenye udongo mtupu, wakamngoja Kiboko. Kiboko yuko mtoni, blubu, blubu, ametoa pua tu.

Kindi akamwendea. Kindi alikuwa mjane, mtunza ghala la wote, mwenye watoto wawili, Tiku na Seka. Seka ndiye kitindamimba. Mwaka wa njaa ulimwacha mbavu nje, na Kindi alikuwa ameapa kwamba safari hii mtoto huyu atashiba chakula safi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi."

"Wingu limekaa vibaya, mzee. Njoo uchague, tuanike."

"Ngojeni."

Mvua ikanyesha, chwa chwa chwa. Siku ya pili Kindi akarudi.

"Shikamoo, mzee. Mahindi yanalowa."

"Ngojeni."

Mvua, chwa chwa chwa. Siku ya tatu akarudi tena.

"Shikamoo, mzee. Mahindi yananuka."

"Nimesema ngojeni! Kwani mahindi ni maziwa, useme yatachacha?"

Mvua ilipokatika wakafukua lile rundo. Lo! Punje za kijani, punje za kijivu, punje nyeusi, na vumbi la ukungu linalopanda puani mpaka unapiga chafya. Basi, bila kumngoja tena Kiboko, wakafanya kile ambacho hata mama zenu hufanya, msinitazame hivyo. Wakaosha. Wakakoboa. Wakaanika. Yakawa meupe pepepe. Wakajaza magunia matatu.

"Si yametakata?"

"Yametakata!"

Kindi akanusa, akatema mate. Mama yake alikufa kwa mahindi kama hayo, yaliyooshwa hivyohivyo. Alijua kwamba ukungu unatoka kwa maji lakini sumu yake inabaki ndani, na hata uipike kutwa nzima haifi. Akawaambia. Wakamcheka.

Lakini Kindi ni Kindi. Kabla mvua haijaanza alikuwa ameiba mahindi ya gunia moja katika lile rundo, akayaanika kwenye turubai juu ya mwamba mkavu, akayafunika mvua ilipokuja, akayaanika tena jua lilipotoka. Akawa anang'ata punje kila siku. Nyu, bado. Nyu, bado. Siku iliyosema kach! akayapukuchua, akayachanganya na majivu wadudu wasiingie, akayatia kwenye gunia bovu. Ukiyatazama, unadhani ni takataka za jikoni.

Sasa ghalani mna gunia moja baya kwa macho na matatu mazuri kwa macho. Na Kiboko anakuja kuchagua. Akilichukua lile la majivu, Seka atakula sumu. Kindi akafanyaje? Akayafunika yale matatu kwa kanga yake mpya, akayakalia.

Puu! Puu! Puu! Kiboko huyo mlangoni.

"Fungu langu liko wapi?"

"Hili hapa, mzee, la majivu. Ndilo zuri. Chukua."

"Mimi nile majivu? Na hayo uliyoyakalia?"

"Usiyaguse, mzee! Yameota ukungu, yana sumu. Yatakuua."

Kiboko akacheka mpaka kuta zikatikisika. "Sumu imevishwa kanga mpya? Mimi mtoto? Ondoka hapo!"

"Mzee, nakuapia. Sumu."

"Ondoka!"

Akabeba yote matatu. Kindi akalia kwa sauti, uwiii, uwiii, na ndani ya moyo wake alikuwa anacheka. Ameshinda, na hata uongo hakusema! Mnaona akili hiyo? Haya, pigeni makofi.

Wanyama wengine wakabaki mikono mitupu, wakala mizizi. Wakaja kwa Kindi kuomba kibaba cha yale ya majivu. Kindi akasema, "Nina watoto." Akafunga mlango. Wakaliweka moyoni.

Kiboko akala ugali mweupe asubuhi, mchana na jioni. Kwanza akakataa chakula. Kisha akatapika. Macho yakawa manjano, tumbo likavimba likawa ngoma. Mganga akaja, akasema ni jicho la watu, akachukua kuku wa ujira wake, akaenda. Siku ya kumi Kiboko akalala, asiamke.

Akazikwa. Na mnajua desturi ya matanga: waombolezaji hulishwa kutoka ghala la marehemu. Wanyama waliokula mizizi siku zote hizo walilia kwa jicho moja, jingine lilikuwa kwenye sufuria. Unga ukamwagwa, mwiko ukazama, tuku, tuku, tuku.

Kindi akaja mbio, pumzi juujuu. "Msile! Jamani, msile! Ndiyo yaliyomuua!"

Mama Ngiri, mpishi mkuu, akashika kiuno. "Mwenzangu, umerudi na choyo chako?"

"Yana sumu! Haki ya Mungu! Niliyafunika makusudi ayachukue. Mimi ndiye niliyemuua!"

Wakaangua kicheko. Kicheko matangani, fikirini! Mama Ngiri akajifuta machozi kwa upande wa kanga. "Kindi amuue Kiboko! Sema tu unayataka magunia yote. Ulitufungia mlango, sasa unataka kutufungia na sufuria?"

"Wapeni basi wakubwa. Watoto msiwape. Nawapigia magoti."

"Watoto walipakuliwa kwanza, mama. Ndiyo heshima."

Kindi akageuka. Tiku alikuwa nyuma yake, ameshika mkia wa mama. Seka hakuwapo. Seka alikuwa ametangulia, yuko kwenye sinia pamoja na watoto wenzake, tumbo limejaa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, maana nyumbani lile gunia moja lilipimwa kidogokidogo; anaramba vidole. Akamwona mama yake, akacheka.

"Mama, njoo ule! Ni tamu!"

Nini, Kavinya? Alikufa? Wenye matumbo madogo ndio walioanza. Seka alikuwa wa tatu. Mama Ngiri alimzika wake siku hiyohiyo.

Basi hadithi imekoma, ndoo ipinduliwe. Mnataka funzo? Funzo ni lilelile mnaloambiwa jikoni, lililomzika Seka: mahindi yakiota ukungu usiyamwage, ni dhambi kutupa chakula. Yaoshe, yakoboe, uyapike yaive vizuri. Na ukiwa na mkubwa wako, mngoje.

Haya, nendeni mkale. Mama zenu wameshapakua.