Mahali Pasipo Watu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa mji, na mji una lango, na lango lina bawabu, na bawabu ana rungu. Haya, sogeeni. Wewe Mwanaidi, ondoa mguu wako kwenye kuni. Ngano yangu ya leo ina pilipili, maana mimi mwenyewe nimekuja na hasira. Mkisikia nimepaza sauti, sikugombezeni nyinyi. Namgombeza mmoja ambaye hayupo hapa, na angekuwapo ningemgombeza zaidi.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walikuwa na miji yao na serikali zao. Wanyama wa siku zile walikuwa watu. Na watu wa siku hizi... nitanyamaza. Palikuwa na mji ukiitwa Chokaani. Kuta zake nyeupe, vichochoro vyake vimefagiwa, soko lake limejaa. Mtawala wake alikuwa Liwali Tausi. Tausi mnamjua: mkia mrefu, akili fupi.

Langoni pa soko alikaa Bi Punda. Msidhani alikaa kwa kupenda. Niambieni, nani aliyebeba mawe ya mji ule?

"Bi Punda!"

Nani aliyebeba chokaa?

"Bi Punda!"

Nani aliyebeba boriti, mgongo ukachubuka mpaka nzi wakafanya makao?

"Bi Punda!"

Haya. Siku aliyobeba jiwe la ngazi ya nyumba ya Liwali, mguu wake wa mbele ukavunjika. Ngazi ikajengwa, mguu haukuungwa. Liwali akapanda ngazi, Bi Punda akaketi chini. Akachukua kifuu cha nazi, akakiweka mbele yake, akaimba:

"Nipe kidogo, Mola akuzidishie.
Kama huna cha kunipa, nipe salamu nishibe."

Na watu wakampa. Chokaani walikuwa na dasturi: anayetoka sokoni hupunguza kapu langoni. Cha juu ya kapu si chako, ni cha walio langoni. Bata alipita akatia pumba. Sungura alipita akatia majani ya kunde. Asiyekuwa na kitu alisema, "Bi Punda, umeamkaje?" naye akajibiwa kwa dua. Palepale walikaa na wenzake, Kunguru asiyeona na Paka mwenye kikohozi, wakagawana kilichopatikana. Mfanyabiashara aliyepita lango bila kupunguza kapu, moyo wake haukutulia kutwa nzima.

Basi, siku moja zikaja habari kwamba Korongo wa nchi za mbali, ndege wenye mali, watakuja Chokaani kutembea. Tausi akapanda ngazi yake, akatazama lango la soko, akapiga kelele:

"Wageni wangu watauona mguu uliopinda kabla ya kuuona mkia wangu!"

Akamwita Jogoo, mpiga mbiu. Mnajua, Chokaani hawakuwa na sheria ila ile iliyopigiwa mbiu. Pembe ikilia, neno limekuwa sheria. Jogoo akatwaa pembe.

Puuu! Puuu! Puuu! "Enyi mliokaa na mliosimama! Liwali amesema: ni marufuku kuomba langoni pa soko!"

Akaja Fisi, askari wa mji, na rungu lake. "Ondoka, bibi."

"Niende wapi, mwanangu?"

"Popote, si langoni."

Bi Punda akainuka, chechemea, chechemea, chechemea, akaenda kuketi kisimani. Kunguru na Paka wakamfuata. Kifuu mbele, wimbo ule ule:

"Nipe kidogo, Mola akuzidishie.
Kama huna cha kunipa, nipe salamu nishibe."

Wateka maji wakampa. Tausi akaona, akasema, "Wanachafua maji!" Mwongo mkubwa! Ombi linachafua maji? Mmepata kusikia wapi?

Puuu! Puuu! Puuu! "Enyi mliokaa na mliosimama! Liwali amesema: ni marufuku kuomba kisimani!"

Akaja Fisi. "Ondoka, bibi."

"Niende wapi, mwanangu?"

"Popote, si kisimani."

Chechemea, chechemea, chechemea, mpaka njia panda. Kifuu mbele, wimbo ule ule, ila sauti sasa imepungua. Wapita njia wakampa. Tausi akavimba mpaka manyoya yakasimama.

Puuu! Puuu! Puuu! "Enyi mliokaa na mliosimama! Liwali amesema: ni marufuku kuomba mahali popote penye watu! Anayeomba atachapwa! Anayempa atachapwa! Atakayeuliza kwa nini, naye atachapwa!"

Akaja Fisi. Safari hii Bi Punda hakuinuka upesi.

"Langoni umenitoa," akasema. "Kisimani umenitoa. Sasa njia panda. Niambie, Fisi, nikaombe wapi?"

"Kaombe pasipo watu."

"Pasipo watu nani atanipa?"

Fisi akajikuna kichwa. Sheria ilimfundisha kuchapa, haikumfundisha kujibu. Akamchapa.

Kaombe pasipo watu! Mnasikia maneno hayo, wajukuu zangu? Ni sawasawa na kumwambia mtu kavue samaki juu ya paa. Afadhali wangemwambia, "Bibi, nenda ukafe, tunasubiri wageni." Lakini wenye mikia mirefu hawasemi hivyo. Wao husema, "Ni marufuku," kisha wanakwenda kula chakula cha mchana.

Bata alikuwa pale na kapu lake. Akaona damu kwenye shavu la Bi Punda, akashindwa kujizuia, akamtilia pumba. Akachapwa yeye pia, mbele ya watoto wake. Tangu hapo mikono ikafungwa Chokaani. Mtu akikutana na mwenzake, hanyoshi mkono hata kumpa salamu, asije akadhaniwa anaomba au anatoa. Makapu yakarudi nyumbani yamejaa, na hakuna aliyefurahia kula.

Bi Punda, Kunguru na Paka wakatolewa nje ya ukuta, wakaenda jaani, mji unapotupa taka. Wakala maganda. Maganda yalipokwisha, wakala majani makavu. Majani yalipokwisha, wakatazamana. Paka akakohoa, Kunguru akauliza, "Bi Punda, ungali hai?" Akajibu, "Ningali." Kila jua likitoka akaulizwa, na kila likitoka akajibu kwa sauti ndogo zaidi.

Korongo wakaja, wakatazama kuta nyeupe, wakasema, "Pazuri!" wakaruka zao. Hawakulala hata siku moja. Haya, faida iko wapi?

Wageni walipoondoka, kinda wa Tausi akaugua. Alikuwa mtoto wa pekee. Akakataa kula, akakataa kunywa, akalegea. Tausi akasahau mkia wake, akauburura vumbini, akamwita mganga Kinyonga. Kinyonga akaja polepole, akamgusa mtoto, akatazama kulia kwa jicho moja na kushoto kwa jicho la pili.

"Dawa yake ninayo mkobani," akasema. "Lakini dawa bila dua ni majani tu. Mnajua dasturi yetu toka kwa mababu. Mwenye mgonjwa atoe sadaka kwa mkono wake, aitie mkononi mwa mwenye kuomba, naye amwombee mgonjwa. Fanya hivyo jua halijazama, nami nitampa dawa."

"Jambo dogo hilo!" akasema Tausi. Akachota kibaba cha mtama, akatoka mbio.

Akamkuta Panya. "Panya, nyosha mkono upokee."

"Aka! Mimi siombi, Liwali. Unataka nichapwe?" Akaingia shimoni.

Akamkuta Sungura. "Sungura, nyosha mkono upokee."

"Huo mtego, Liwali. Nami mitego naijua." Akatokomea vichakani.

Akamkuta Bata. "Bata, nakusihi, nyosha mkono upokee."

Bata akamtazama. "Nina kovu la kutoa. Sitaki na la kupokea." Akafunga mlango.

Tausi akazunguka mji mzima na kibaba chake. Kila alipopita, mikono ikafichwa nyuma. Jua linashuka. Ndipo akakumbuka jaani. Akatoka nje ya ukuta, akakanyaga taka kwa miguu yake ile ya kifahari, akamkuta Bi Punda amelala ubavu.

"Bi Punda, shika mtama huu."

"Siwezi, Liwali. Ni sheria."

"Sheria inakataza penye watu! Hapa hapana watu!"

"Palikuwa hapana watu," akasema Bi Punda. "Sasa umekuja wewe. Au wewe si mtu?"

Tausi akapiga hesabu. Akisema yeye ni mtu, mtama haupokelewi. Akisema si mtu, je, kesho atatawalaje? Akaanguka magoti kwenye taka, akanyosha mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

"Bi Punda, mwanangu anakufa. Nihurumie."

Kunguru asiyeona akauliza, "Nani huyo anayeomba?" Paka akamwambia, "Liwali." Kunguru akasema, "Hebu aseme tena nisikie vizuri."

Bi Punda hakucheka. "Ifute sheria," akasema.

"Nimeifuta!"

"Tena."

"Nimeifuta!"

"Tena, na Mola akusikie."

"Nimeifuta, naapa!"

Basi Bi Punda akainua kwato lake, akapokea. Tumbo lake lilikuwa tupu, lakini hakuanza na mtama, alianza na dua: "Mola, mtoto huyu hakutunga sheria yoyote. Mponye." Jua likazama.

Kinyonga akatoa dawa, na mtoto akapona. Kulipokucha akafumbua macho, akamnyoshea baba yake mkono, akaomba uji. Akapewa, na hakuna aliyemchapa. Nyinyi mmeona? Mtoto wa Liwali akiomba, ni dalili ya afya.

Asubuhi ile ile Bi Punda akawaambia wenzake, "Inukeni, twendeni sokoni kwetu." Chechemea, chechemea, chechemea, wakafika lango la mji. Fisi akaweka rungu mbele yao.

"Mnakwenda wapi?"

"Sokoni. Sheria imefutwa. Liwali ameapa mbele yetu."

"Mbiu imelia?"

Wakaketi pale pale kusubiri. Mbiu haikulia. Ikasubiriwa asubuhi, haikulia. Ikasubiriwa adhuhuri, haikulia. Alasiri pembe ikasikika, puuu, puuu, puuu, na watu wote wakatoka nje kusikiliza. Akaja Tausi, mkia umeoshwa na kutandazwa, na Jogoo mbele yake.

"Enyi mliokaa na mliosimama!" Jogoo akasema. "Liwali, kwa ukarimu wake, ameruhusu mwombaji mmoja! Mwombaji huyo ni Bi Punda. Atakaa langoni juu ya mkeka mpya, apokee sadaka za wakubwa wakipatwa na maradhi. Wengine wote, sheria ni ile ile!"

Bi Punda akasema polepole, "Uliapa umeifuta."

Tausi akacheka, hi hi hi. "Niliifuta kwa mdomo. Mbiu haikulia. Wewe mzaliwa wa hapa, hujui dasturi?"

"Na Kunguru huyu asiyeona?"

"Sheria."

"Na Paka huyu, mbavu zake unazihesabu?"

"Sheria, bibi, sheria! Wewe nimekupa mkeka. Sema asante."

Ah! Wajukuu zangu, hapo mimi moyo unanipanda. Wamuue kwa njaa, wamchape, wamdanganye, kisha aseme asante!

Bi Punda akageuka taratibu. Akaegemeza bega lake kwenye ukuta, ule ukuta alioubebea mawe yeye mwenyewe. Akavuta pumzi, akaukunja mguu mbovu, akakusanya mizigo yote aliyopata kuibeba, akaitia kwenye miguu ya nyuma.

Pu!

Tausi akarushwa hewani, manyoya huku na manyoya kule, akaangukia jaani, kichwa ndani ya maganda. Jogoo akakimbia, pembe akaiacha chini. Fisi akainua rungu, akamtazama Bi Punda, akatazama ile miguu ya nyuma, akaliteremsha rungu. Fisi si mjinga kwa kila jambo.

Ndipo Bata akatoka kwenye umati na kapu lake. Akachota pumba za juu ya kapu, akamtilia Kunguru mkononi, mbele ya askari, mbele ya watu wote. Akafumba macho asubiri kuchapwa. Hakuchapwa. Akaja Sungura na majani ya kunde, akaja Panya, wakaja wote, na Paka akala mpaka akasahau kukohoa. Sheria ile haijafutwa hata leo. Iliachwa tu, hakuna aliyeilisha, ikafa njaa kama ilivyotaka waombaji wafe.

Lakini wapambe wa Tausi walimwokota bwana wao, wakamfuta maganda, wakaenda mji kwa mji wakisimulia. Walisimulia habari ya mkeka na habari ya teke. Ya mawe, mguu na kiapo hawakuisimulia. Ndiyo maana mpaka leo mnasikia watu wazima na akili zao wakisema, "Fadhila za punda ni mateke." Nyinyi mkisikia mtu anasema hivyo, mwulizeni: fadhila zipi? Alimtendea nini huyo punda kabla hajapigwa teke?

Mkono ulionyoshwa hauchafui mji. Mji huchafuliwa na jicho lisilotaka kuuona.

Ngano yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, tumekula sote. Ikiwa chungu, mpelekeeni Liwali. Na yule aliyekula kiazi changu kwenye majivu wakati nimekasirika nasimulia, na anyoshe mkono. Sitamchapa. Nataka tu nimwone.