Sare ya Marikit

Marikit alifukuzwa kazi katika kiwanda cha viatu huko Cebu, Ufilipino, kwa sababu ya mimba. Alipomshtaki tajiri wake, Don Crisanto, tajiri akaapa kwamba hakuwahi kumwajiri.

Marikit akamwendea na kichanga kifuani. "Bosi, basi ile sare ya kazi nitamkatia mwanangu nepi."

"Thubutu! Hiyo ni mali ya kiwanda."

Akaileta. Don akaigeuza. "Mbona kola imechakaa?"

"Miaka mitatu ya cherehani, bosi. Niandikie umeipokea, usije ukaniita mwizi."

Don akaandika: "Nimepokea sare ya Marikit, imechakaa kwa miaka mitatu ya kazi." Akagonga muhuri.

Siku ya kesi Don alimkimbilia Marikit mlangoni pa mahakama. "Binti yangu, ile karatasi usimwonyeshe mtu."

"Sitamwonyesha mwingine, bosi," Marikit akaahidi. "Hakimu ameshaisoma."