Wagonjwa wa Bi Hondohondo

Hapo zamani za kale, wakati ndege na wanyama walipokuwa wakibishiana hodi na kupelekeana uji wakiugua, palikuwa na nyumba moja chini ya kilima cha mawe. Mwenye nyumba alikuwa Bi Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa uliopinda kama mundu. Humo aliwapokea ndege wawindaji walioumia, akawafunga majeraha na kuwalaza kwenye majani makavu mpaka wapone.

Sheria ya nyumba ilikuwa fupi. Siku zile, kama wasemavyo wazee wengine hata leo, mtu akiugua alisema "siwezi", na neno hilo moja lilitosha. Basi Bi Hondohondo aliwaambia wageni wake: "Asemaye siwezi, atakula. Asemaye naweza, aende zake akajitafutie."

Chakula kililetwa na majirani, kwa zamu. Nguchiro alileta mijusi, Korongo alileta samaki, na kila mmoja alitoa alichojaliwa.

Wakati huo walilazwa ndege watatu. Wa kwanza alikuwa Tai. Msimchanganye na Tumbusi, wanangu. Tumbusi ana shingo tupu na hula mizoga, na Tai hapendi kuitwa jina hilo. Wa pili alikuwa Furukombe, mwenye kichwa cheupe, mvuvi wa mtoni. Wa tatu alikuwa Bundi, mdogo kuliko wote, naye bawa lake lilikuwa limevunjika kweli kweli.

Tai alikuja ameteguka bawa. Furukombe alikuja amechomwa mguuni na mwiba wa kambare. Wakatibiwa, wakapona. Lakini walikwisha kuonja utamu wa kulishwa mtu amelala! Kila asubuhi Bi Hondohondo akiuliza, "Hali zenu?" walianza kuguna.

"Mmmh! Siwezi, Bibi."

"Mimi ndiyo kabisa! Siwezi hata kugeuka!"

Wakala minofu, wakamwachia Bundi mifupa.

Sasa, juu ya kilima kile aliishi Pimbi na mkewe na binti yao mdogo, jina lake Sikujua. Wengine humwita Pimbi kwa jina la Pelele, na majina yote mawili ni yake. Ila ukimwita panya atakasirika, na ana haki. Pimbi alijua jambo ambalo Bi Hondohondo hakulijua. Mara nyingi adhuhuri, Bibi akiwa ameenda kuchimba dawa, kivuli kipana kilipita juu ya mawe. Na kivuli cha Tai, Pimbi hukijua kabla hajajua jina la mama yake.

Ikafika zamu ya Pimbi. Akaja na alichonacho: mzigo wa majani mabichi.

Tai alingoja Bibi atoke nje, akauliza polepole, "Hiki nini?"

"Majani, Bwana Tai. Ndicho chakula chetu."

"Mimi ni mbuzi? Sikiliza, Pimbi. Zamu ni zamu. Jua likitua nataka nyama, na kwako ipo. Yule mdogo, nani jina lake?"

"Sikujua," akajibu Pimbi.

"Hukujua jina la mwanao?"

"Ndilo jina lake, bwana. Sikujua."

"Basi sasa umejua. Mlete. Usipomleta, nitamwambia Bibi umekataa zamu, na sheria mnaijua: anayekataa zamu hufukuzwa kutoka kilimani."

Pimbi akapanda kilima, akamweleza mkewe. Mkewe akajipiga kifua.

"Tukimbie, Baba Sikujua! Tukimbie sasa hivi!"

"Tukimbilie wapi? Nje ya mawe haya tutaliwa wote kabla ya jioni. Nipe kibuyu cha uji. Nakwenda kumjulia hali mgonjwa."

"Mgonjwa gani? Yule atakumeza na kibuyu chako!"

"Hanimezi mbele ya Bibi. Mgonjwa asiyeweza kugeuka atanirukiaje? Wewe mshike mtoto, usimtoe shimoni. Huyu ndege ana mabawa mawili na majivuno matatu, na mimi nakwenda kuyaamsha."

Akashuka. Mlangoni akaita, "Hodi! Hodi kwa wenyewe!"

"Karibu," akajibu Bi Hondohondo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umeleta chakula cha zamu? Majani wagonjwa wangu hawali."

"Zamu yangu haijaisha, Bibi, jua bado liko juu. Kwanza nimekuja kuwapa pole wagonjwa. Unaniruhusu?"

"Kumjulia hali mgonjwa hakuombewi ruhusa. Pita."

Pimbi akapita, akatua kibuyu cha uji, akaketi karibu na jiwe lenye ufa chini yake. Akaanza kwa adabu. "Bundi, hali?"

"Siwezi, ndugu yangu," akasema Bundi kwa sauti ndogo. "Lakini leo afadhali."

"Bwana Furukombe?"

"Siwezi! Oo, mguu wangu!"

"Bwana Tai?"

"Siwezi, siwezi, siwezi."

Pimbi akatikisa kichwa. "Poleni, wakubwa wangu. Kumbe Kunguru alisema kweli. Nami nilikuwa nikimbishia huko njiani!"

Tai akafumbua jicho moja. "Kunguru amesema nini?"

"Aa, mambo ya Kunguru hayo. Mgonjwa hasimuliwi."

"Simulia!"

"Alisema, 'Tai hawezi.' Nikamjibu, najua, anaumwa. Akacheka, kha! kha! 'Si kuumwa, Pimbi. Hawezi tu. Hata alipokuwa mzima alikuwa hawezi. Anayeweza ni Furukombe.'"

Furukombe akasahau kuugulia. "Kunguru kasema hivyo? Yule ndege ana akili sana, watu hawamjui tu."

"Wewe!" Tai akainua kichwa. "Wewe mla vidagaa! Unaruka umeinamia chini kama aliyepoteza sindano!"

"Na wewe je? Unabebwa na upepo kama jani kavu. Upepo ukilala, na wewe unalala!"

"Mimi nabebwa?"

"Tena unabebwa mgongoni!"

Bi Hondohondo akageuka. "Kuna nini huko? Wagonjwa wangu mbona wamepata sauti?"

"Hakuna kitu, Bibi," Pimbi akasema upesi. "Wakubwa wangu, msigombanie kitu msichonacho. Mmesema wenyewe kwa vinywa vyenu. Bwana Furukombe, huwezi. Bwana Tai, huwezi. Mko sawasawa, kama vifaranga wawili wa mama mmoja."

"Vifaranga!" wakasema wote wawili.

"Basi nirudi nikamwambie Kunguru ameshinda. Nikamwambie, 'Ni kweli, bwana, Tai hawezi.' Nimwambie hivyo?"

Tai akamtazama Bi Hondohondo. Akaikumbuka sheria. Akaikumbuka minofu. Akafungua mdomo aseme neno lile jepesi alilolisema kila asubuhi, nalo likamkwama kama mfupa. "Si... si..."

"Anaona haya," akasema Furukombe. "Mwache, maskini, hawezi."

"NAWEZA!" Tai akapiga ukelele. "Naweza kuliko wewe, na baba yako, na mto wenu wote!"

"Naweza mimi!" akajibu Furukombe.

Puu! Majani makavu yakatimka. Vuuu! Mabawa manne yakatoka mlangoni. Wakapanda juu, wakawa kama nukta mbili. Wakazunguka kilele, wakashuka kwa kishindo, pa! pa!, mbele ya Bi Hondohondo.

"Nani wa kwanza, Bibi?" akauliza Tai, akihema. "Sema! Nani anaweza?"

Bi Hondohondo aliyatazama mabawa yao. Kisha akasema, "Mnaweza nyote wawili. Basi nendeni zenu mkajitafutie."

Hapo ndipo Tai alipofahamu. Akageuka, akamrukia Pimbi, kwapu! Akashika mchanga. Pimbi alikwisha kuingia kwenye ufa wa jiwe.

"Nitakupata nje, Pimbi!" akanguruma. "Wewe na huyo Sikujua wako!"

"Nje tunajuana tangu kwa babu zetu," sauti ikatoka chini ya jiwe. "Huko utanitafuta, nami nitaweka mlinzi na kujificha. Lakini kukuletea mwanangu kwa mkono wangu, hilo limekwisha leo!"

Tai akaenda upande wake, Furukombe upande wa mto, kila mmoja akidai ndiye aliyeshinda. Pimbi akatoka, akajipangusa vumbi, akaingia nyasini kumkamatia Bundi panzi, kwa maana jua lilikuwa bado halijatua, na zamu ni zamu. Jioni ile Bundi alishiba kwa mara ya kwanza, na Sikujua akalala katikati ya baba na mama yake.

Hadithi imefika mwisho wa njia yake, wanangu, na neno lake ni hili: ugonjwa wa kusingizia hauhitaji mganga, majivuno ya mgonjwa mwenyewe yanatosha kumponya.