Kiapo cha Mlinzi wa Ghala

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa kale palikuwa na mlinzi wa ghala la nafaka za masikini, mcha Mungu aliyeitwa Muhanna. Desturi ya walinzi hao ilikuwa kwamba anayemaliza zamu huapa kwa Mola wake, "Sikusinzia," ndipo mwenzake aupokee mkuki.

Mkuu wao wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa akija mwenyewe kuushika mkuki ili mlinzi aende kusali na kula. Siku hizo Muhanna aliipenda kazi yake mno. Mkuu huyo alipofariki, akateuliwa Jabala, mtu ambaye hakuwahi kusimama langoni maishani mwake. Akapunguza walinzi ili asifiwe na mtawala, na waliobaki wakabebeshwa zamu za usiku na mchana mfululizo. Aliyelalamika aliambiwa hana imani. Imani! Kana kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyewapunguza.

Siku moja adhuhuri, Muhanna akasinzia akiwa amesimama. Hakuna kilichoibwa, wala hakuna aliyemwona. Jioni Jabala akaja kukagua mabadilishano ya zamu, walinzi wote wakiwapo. Suheli, aliyekuwa aingie, akangoja kiapo, lakini Muhanna akaushikilia mkuki.

"Apa, ndugu yangu," Suheli akamnong'oneza. "Sote tunasinzia, na sote tunaapa. Utamlaza wapi mkeo?" Maana nyumba ya Muhanna ilikuwa ya kazi, anayefukuzwa huiacha, na mkewe alikuwa mjamzito.

Muhanna akasema kwa sauti, "Nilisinzia. Siwezi kumtaja Mola wangu kwa uongo."

"Nani alikuruhusu kulala?" Jabala akafoka.

"Mwili umeshindwa, bwana mkuu. Nawe ndiye uliyeutwika."

Akafukuzwa papo hapo, na mkewe akatolewa nyumbani kabla ya sala ya isha. Suheli akaongezewa zamu za Muhanna juu ya zake. Kisha Jabala akawageukia walinzi, akawauliza kama wanaridhika na kazi yao.

"Tumeridhika, bwana mkuu," wakajibu kwa pamoja, macho chini.

Naye akaenda zake amefurahi.

Ndugu zangu katika imani, Muhanna alipoteza nyumba akabaki na dini yake, na Mola hamsahau mja kama huyo. Mimi nawalilia waliobaki langoni. Jabala aliwachosha mpaka jina la Mwenyezi Mungu likawa kitu cha kulindia kibarua, na wao wakazoea.