Kaburi Lililosubiri Udongo

Ndugu zangu, isomeni hii taratibu, kisha mpelekeeni yeyote mwenye shamba.

Katika ukoo wa kina Kikoti, huko Iringa, habari hii husimuliwa kwa sauti ya chini.

Atanasi Kikoti alilima nyanya katika shamba la mama yake, Bibi Leonia. Alitandaza nailoni nyeusi juu ya matuta ili kuzuia magugu na kutunza unyevu, na nyanya zilimkubali. Lakini msimu ulipokwisha hakuing'oa. Kuing'oa ni kazi ya kuinama kutwa nzima, na nailoni hukatikakatika mkononi. Yeye aliita trekta, likalima juu yake.

"Atanasi, toa kwanza hiyo nailoni," mama yake alimwambia.

"Mama, trekta likipita huoni kitu."

"Nisichokiona hakipo?"

"Kwa mnunuzi wa nyanya, hakipo."

Misimu ikapita. Maji ya mvua yakaanza kutuama shambani badala ya kuzama, mizizi ikajikunja, nyanya zikawa ndogo kama ndulele. Atanasi alilaumu mbegu, kisha akamlaumu muuza mbolea.

Halafu Bibi Leonia akaugua. Alimwomba mwanawe jambo moja tu: azikwe kwenye pembe ya shamba aliyoifyeka mwenyewe alipoolewa.

"Nataka kulala kwenye udongo wangu," alisema.

Atanasi akaahidi. Haukupita muda, mama akafariki.

Asubuhi ya mazishi vijana walianza kuchimba. Kila jembe liliponyanyuliwa lilitoka na vipande vyeusi vinavyoning'inia.

"Kaka, tunachimba kaburi au tunafumua godoro?" binamu yake mmoja aliuliza, na wenzake wakacheka. Walipomtazama Atanasi, waliacha.

Uso wa Atanasi ulikuwa unawaka. Katika mazishi yao kila mwombolezaji hushika udongo kwa mkono wake na kuutupia kaburini. Ndugu za mama yake, katekista, majirani, wote wangeishika aibu yake viganjani. Akawaambia vijana wauhamishie udongo ule nyuma ya mahindi. Kisha akaleta mchanga wa mtoni kwa mkokoteni, akaumwaga kando ya kaburi.

Jeneza likashushwa. Wa kwanza kuitwa alikuwa Falesi, mdogo wa marehemu. Aliinama, akachota, akaufungua mkono na kuutazama.

"Huu ni mchanga. Udongo wa dada yangu uko wapi?"

"Mama mdogo, huu ni laini zaidi..."

"Sikuuliza ulaini. Uko wapi?"

Vijana waliangalia upande wa mahindi, naye akayafuata macho yao. Akaenda. Watu wakamfuata.

Alipochota udongo ule, vipande vya nailoni vilibaki vikining'inia kati ya vidole vyake. Wote wakaona. Atanasi aliinamisha kichwa, akangoja matusi. Alijua anayastahili, na kwa kweli yangempunguzia mzigo.

Mama mdogo hakutukana. Alikaza kanga yake, akakaa chini, akaanza kuuchambua udongo kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Mwanamke mwingine akakaa kando yake. Kisha majirani, kisha katekista na kanzu yake nyeupe. Nyimbo zikakoma. Kaburi likabaki wazi, Bibi Leonia ndani, na watu wakimsafishia udongo wake konzi kwa konzi, wakiujaza kwenye mabeseni.

Atanasi akapiga magoti miongoni mwao, akanyoosha mkono.

"Wewe acha," mama mdogo alisema bila kumtazama. "Huu tutaumaliza sisi. Wewe una shamba zima."

Funzo: Ardhi haimezi uchafu wetu, inatuwekea tu. Ng'oa nailoni yako kabla ya kulima, usije ukawaachia unaowaheshimu kazi ya kuchambua aibu yako kwa vidole vyao.